Homa Inayorudi na Papasi wa Sakafuni

Mgonjwa anaungua homa siku tatu. Kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, pengine anatapika. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha hana. Anapewa vidonge vya maumivu, homa inashuka, ndugu wanamshukuru Mungu. Baada ya wiki moja hivi inarudi, na hapo ndipo maneno yanapoanza: mara maji ya kisima kipya, mara hewa mbaya, mara mkono wa mtu.

Kwa anayelala kwenye nyumba ya udongo, hasa mikoa ya kati kama Dodoma, swali la kwanza liwe la sakafu, maana humo huishi papasi anayeeneza homa inayorudi. Papasi ni jamaa ya kupe, ila hagandi mwilini kama kupe wa ng'ombe. Ngozi yake ni ya kijivu yenye mikunjo, na mdomo uko chini ya mwili, huuoni ukimtazama kwa juu. Mchana hujichimbia vumbini na kwenye nyufa za kuta. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa nusu saa hivi, mara nyingi bila mlalaji kushtuka, kisha hurudi zake. Asubuhi kinachobaki ni kidoa kwenye ngozi, nacho husingiziwa mbu au kunguni. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo hata nyumba iliyohamwa si salama.

Mtafiti Robert Koch alimchunguza papasi hapa kwetu mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Alimkuta kwenye vibanda vya kupumzikia misafara, akabaini kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake vimelea vya homa hiyo kupitia mayai. Wakati huohuo, huko Kongo, watafiti Joseph Dutton na John Todd walithibitisha kuwa ndiye anayeeneza homa hiyo. Dutton aliugua, akafia Kasongo. Bakteria anayeileta homa hiyo leo anaitwa Borrelia duttonii.

Homa hurudi kwa sababu bakteria hubadili sura yao ya nje. Kinga ya mwili ikishawamaliza wa kwanza, wachache waliobadilika huzaana upya. Kwa darubini bakteria hao huonekana kama uzi uliosokotwa, katika tone lilelile la damu linalopimwa malaria, hasa likichukuliwa homa ikiwa juu. Kipimo cha haraka hakiwaoni kabisa. Hilo linaniuma sana, kwa sababu zahanati isiyo na darubini inamrudisha nyumbani mjamzito ambaye homa hii inaweza kumharibia mimba au kumuua kichanga wake.

Tiba ipo, nayo si ghali: doksisaiklini, na kwa mjamzito dawa nyingine inayomfaa. Dozi ya kwanza itolewe mgonjwa akiangaliwa, maana bakteria wakifa kwa wingi mtu hutetemeka na presha huweza kushuka. Nyumbani, ziba nyufa, sogeza kitanda mbali na ukuta, na ukijaliwa, mwaga sakafu ya saruji.

Homa ikikurudia na kipimo kikasema huna malaria, omba damu yako itazamwe kwa darubini, na umweleze daktari unalala kwenye sakafu ya namna gani.