Dubai: Wauguzi na watoto wanaoishi kwa damu ya wengine

Kila baada ya majuma matatu au manne, mtoto mwenye talasemia kali huongezewa damu. Haendi hospitali ili apone, bali aweze kuishi hadi zamu nyingine. Mjini Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kazi hiyo ina kituo chake maalumu tangu mwaka 1989, kilichoanzishwa katika hospitali ya Al Wasl, ambayo baadaye ilipewa jina la Latifa.

Talasemia ni maradhi ya kurithi yanayoufanya mwili ushindwe kutengeneza himoglobini ya kutosha, ile inayobeba oksijeni katika damu. Iwapo wazazi wote wawili wanabeba kasoro hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Ndiyo maana sheria za nchi hiyo huwataka wachumba wapimwe kabla ya ndoa.

Wauguzi wawili huhakiki jina la mtoto na mfuko wa damu, kisha mmoja hubaki karibu naye kwa dakika 15 za mwanzo, akichunga homa, kutetemeka au kukosa pumzi. Hilo ndilo jepesi.

Lililo gumu hutokea nyumbani. Kila mfuko wa damu huacha mwilini takriban miligramu 200 za madini ya chuma, na mwili hauna njia ya kuyatoa yakizidi. Yakirundikana huharibu moyo na ini. Dawa ya kuyaondoa, desferioksamini, huingizwa chini ya ngozi kwa pampu ndogo kwa saa 8 hadi 12, usiku tano au zaidi kwa juma. Muuguzi humfundisha mama kuchoma sindano hiyo. Mtoto wa miaka 5 hulia. Wa miaka 15 huenda akaificha pampu kabatini na kunyamaza. Muuguzi anayemwona kila mwezi ndiye aliye na nafasi ya kumwuliza bila kumtisha. Dawa ya kumeza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, imewaepusha wengi na sindano, ila nayo husahaulika.

Afrika Mashariki, ndugu wa maradhi haya ni selimundu. Huko pia mama hufundishwa na muuguzi: kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, safari ya hospitali haingoji asubuhi.