Kanieneo ya Petroli na Uoanishaji wa Injini

Neno "mafuta" limebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu. Twayapikia, twajipaka, twayawasha katika taa. Dereva naye "hukanyaga mafuta" anapotaka gari liende kasi. Katika mazungumzo ya kila siku mizigo hiyo haidhuru, kwa kuwa mahali na shughuli huifafanua maana. Lakini mfasiri wa kitabu cha ufundi anapoandika "kanieneo ya mafuta" humwachia fundi fumbo, maana katika injini moja ya gari mna vimiminiko viwili vyenye jina hilo, kila kimoja na pampu yake: petroli inayoungua na oili inayolainisha vyuma.

Mtu aweza kudhani kwamba tarakimu zitamwokoa msomaji. Hazimwokoi. Katika injini nyingi ambazo nozeli zake hupuliza petroli ndani ya manifodi ya kuingizia hewa, kanieneo ya petroli huwa kama kilopaskali 300, yaani paundi 43 hivi kwa inchi ya mraba. Kanieneo ya oili, injini ikiwa imepata moto na inazunguka kwa kasi, aghalabu huwa kati ya kilopaskali 200 na 500. Basi fundi akisoma "hakikisha kanieneo ya mafuta ni kilopaskali 300", aitazame geji ipi? Tunashauri iandikwe "kanieneo ya petroli" na "kanieneo ya oili", na pale linapotakiwa neno la jumla, "fueli". "Mafuta" peke yake yasitumike kabisa katika maelekezo ya kazi hii.

Mafundi husema "presha", nasi hatuoni ubaya. Katika maandishi twapendelea "kanieneo" kwa kuwa neno lenyewe laonyesha maana: kani iliyotandazwa juu ya eneo. "Mgandamizo" tuuachie kitendo cha pistoni kuibana hewa ndani ya silinda.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe. Tuchukue injini iliyofungwa turbo. Turbo huongeza hewa, na hewa ikizidi sharti petroli nayo izidi. Kidhibiti cha kanieneo kina kiwambo ambacho upande mmoja husukumwa na petroli na upande wa pili na springi. Mpira mwembamba huunganisha upande wa springi na manifodi, ili tofauti ya kanieneo baina ya mwanzo na mwisho wa nozeli isibadilike, hata manifodi ikiwa katika hali gani. Ndiyo sababu fundi huchomoa mpira huo na kuuziba kabla ya kuweka "kanieneo ya msingi", injini ikiwa inanguruma polepole bila kukanyagwa, hali ambayo mafundi wengi huiita "sailensa". Akiurudisha mpira, geji hushuka, kwani wakati huo kanieneo ndani ya manifodi ni ndogo kuliko ya hewa ya nje. Mfasiri asiyelijua jambo hili huweza kudhani kwamba kitabu kimekosea, akakisahihisha!

Lipo na jambo la hesabu. Wengi huamini kwamba ukiongeza kanieneo kwa theluthi moja, petroli nayo itaongezeka kwa theluthi. Sivyo. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya kanieneo: kutoka kilopaskali 300 hadi 400, petroli huongezeka kwa asilimia 15 tu. Na hapa herufi moja ni ghali. Anayeandika "kipeo" mahali pa "kipeuo" atampatia msomaji ongezeko la asilimia 78, na injini itapata petroli haba kuliko ilivyokadiriwa. Turbo inaposukuma hewa nyingi, uhaba huo huifanya injini igonge, na pistoni zaweza kuyeyuka.

Hali ya petroli haba tunaiita "mchanganyiko hafifu", na kinyume chake "mchanganyiko uliokolea". "Mchanganyiko tajiri" ni tafsiri ya sisisi isiyomweleza Mswahili chochote, ilhali kukolea kila mpishi anakujua. Mpaka baina ya hali hizo mbili ni kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli.

Limebaki neno "kurekebisha", ambalo hutumiwa kwa kazi tatu tofauti. Kubadili sehemu za injini ili iwe na nguvu zaidi tunapendekeza kuwe "kugeuza". "Kuboresha" ni sifa, na si kila injini iliyogeuzwa inaistahili. Kufikisha kipimo kimoja mahali pake ni "kuweka", kama kuweka kanieneo. Na kazi ya kupatanisha petroli, hewa na wakati wa cheche, ambayo gereji huiita "kutyuni", iwe "kuoanisha". Tofauti hii ina mpangilio wake kazini: injini hugeuzwa, kisha kanieneo ya msingi huwekwa, ndipo injini ioanishwe. Kanieneo ikibadilishwa baadaye, uoanishaji hurudiwa tangu mwanzo.