Kila Mahali na Mbegu Yake

Mwaka uliopita mzee mmoja alifika ofisini kwetu amebeba mabua matatu ya mahindi yaliyonyauka. Aliyaweka juu ya meza akasema, "Bwana Karani, tazama. Nimelima, nimepanda kwa mstari, nimepalilia mara mbili. Mbolea nilinunua kwa pesa za mkopo. Sasa mwanangu, nitalipa nini?"

Shamba lake ni eka tano katika skimu moja ya Kinangop. Mbegu aliinunua kule chini alikozaliwa, kwenye nchi ya joto, kwa sababu kule huzaa sana. Alipanda mwezi wa Aprili. Kufika Januari mahindi yalikuwa bado mabichi, na usiku mmoja jalidi ikayapiga, yaani ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi juu ya majani.

Nilimwambia, "Mzee, mbegu ile si ya nchi hii." Akanijibu, "Mahindi ni mahindi."

Wakulima, hapo ndipo kosa lilipo. Serikali ilipoanza mpango wa Eka Milioni Moja mwaka 1962, maelfu ya jamaa walihamia mahali ambapo hawakuzaliwa. Mpaka leo wako wengi kati yetu, wazee na watoto wao, wanaolima shamba jipya kwa desturi ya shamba la zamani. Basi na tuitazame nchi yetu kutoka baharini mpaka Ziwa, tukiifuata njia ya reli.

PWANI NA NYIKA

Mombasa iko usawa wa bahari, na joto lake la wastani ni kama digrii 26. Hapo minazi, mikorosho na miembe hustawi. Lakini ukiiacha pwani kidogo tu unaingia nyika. Huko Voi mvua ni chache, na mmea uliozoea ukame kama mkonge ndio ulioenezwa katika mashamba makubwa. Mifugo wa kienyeji, mbuzi na ng'ombe wenye nundu, huvumilia mahali ambapo ng'ombe wa gredi angekonda.

Nchi kavu ya namna hii, pamoja na ile ya kaskazini kama Turkana, Marsabit na Wajir, ni karibu sehemu nne kati ya tano za Kenya yote. Usiidharau. Nyama nyingi inayouzwa mijini hutoka huko.

NYANDA ZA JUU

Reli inazidi kupanda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kanuni ni hii: kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa kiasi cha digrii 6. Kwa hiyo kahawa hukaa vizuri kwenye miteremko ya Kiambu, Murang'a na Nyeri, na ukipanda zaidi kahawa inakoma na chai inaanza. Ukifika Kinangop, karibu mita 2,500, hata chai huogopa jalidi. Huko ni nchi ya viazi, kabichi, karoti, kondoo na ng'ombe wa maziwa. Ni nchi ya pareto pia, kwa kuwa pareto hutaka baridi ndipo ichanue vizuri.

Lakini urefu wa nchi peke yake hautoshi. Angalia pia upande wa mlima. Pepo zenye maji hutoka Bahari ya Hindi, zikagonga Mlima Kenya kwa upande wa mashariki na kusini. Kwa hiyo Embu na Meru hupata mvua ya kutosha, na Nanyuki, iliyo upande wa pili, hupata kidogo. Mlima ni mmoja, lakini mashamba ni mbalimbali.

BONDE LA UFA NA ZIWA

Kutoka Limuru nchi inaanguka ghafula mpaka Naivasha, karibu mita 1,900. Mvua si nyingi pale, lakini maji ya ziwa humwagilia mashamba ya maua yanayopelekwa Ulaya kwa ndege. Mbele zaidi, Uasin Gishu na Trans Nzoia, ndiyo ghala yetu ya mahindi. Huko Kericho, hewa yenye maji inayopanda kutoka Ziwa Victoria huleta mvua karibu kila alasiri katika miezi mingi, nayo chai haikosi kinywaji. Kisha unashuka Kisumu, mita 1,130 hivi, kwenye joto tena, penye miwa, mpunga na samaki.

MMEA MMOJA, MBEGU MBALIMBALI

Sasa turudi kwa mahindi ya mzee wetu. Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale walitoa mbegu iitwayo H611, waliyoipata kwa kuchanganya mbegu ya Kenya na nyingine iliyotoka Ecuador, nchi ya milima mirefu. Hiyo ilikuwa mbegu ya nyanda za juu, yenye kukaa shambani muda mrefu. Huko Katumani, karibu na Machakos, walitengeneza mahindi ya namna nyingine, ambayo hukomaa kwa miezi mitatu hivi ili kuukimbia ukame. Na ziko mbegu zilizochaguliwa kwa joto la Pwani. Mahindi ya mahali pamoja ukiyapeleka mahali pengine, ni kama kumpeleka mvuvi wa Lamu akachunge ngamia.

Tangu 2013 nchi yetu ina kaunti 47 badala ya mikoa minane ya zamani. Lakini mvua haisomi mipaka. Kaunti moja inaweza kuwa na nchi ya chai, ya kahawa na ya mbuzi. Kwa hiyo kabla hujanunua mbegu, mwulize Bwana Shamba wako mambo matatu:

1. Shamba langu liko mita ngapi juu ya bahari?

2. Mvua yake ni kiasi gani, na huja miezi gani?

3. Ni nani asiyeweza kulima kitu ninachokilima mimi, na njia ya kumfikia iko wapi?

Swali la tatu ndilo lenye fedha. Mtu wa Mombasa hapati viazi kwake, wala mtu wa Kinangop hapati nazi. Baridi iliyoua mahindi ya mzee ndiyo hiyo hiyo inayompa kiazi ambacho Pwani wanakitafuta.

Mzee yule alisikia. Msimu uliofuata alipanda eka mbili za viazi, na mahali pa kabichi, na nusu eka ya majani ya ng'ombe. Mahindi amebakiza kidogo tu karibu na nyumba, ya kuchoma, na mbegu yake ni ya nchi ya baridi. Deni hajalimaliza, lakini amekwisha kulipa zaidi ya nusu. Alipokuja mara ya mwisho hakubeba mabua. Alibeba debe la viazi, akaniambia, "Karani, nimeacha kulima shamba la baba yangu. Sasa nalima langu."

Nawe, mkulima, unalima shamba la nani?