FASIHI: Ushairi wa usasa ulivyoazima jicho la mchoraji

WASOMAJI wengi wamezoea kulipokea shairi kwa sikio. Vina, mizani na mapigo ndivyo vipimo vyao. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne ya 20 walizuka barani Ulaya washairi waliotaka shairi litazamwe pia, kama utazamwavyo mchoro.

Aliyevuma zaidi kwa jambo hilo ni Guillaume Apollinaire, mshairi wa Kifaransa aliyezaliwa Roma mwaka wa 1880. Jijini Paris alikuwa sahibu wa wachoraji Pablo Picasso na Georges Braque, na mnamo 1913 alichapisha kitabu cha kutetea mtindo wao, yaani kubizimu.

Mtindo huo ulivunja desturi ya kuchora kitu kama kionekanavyo kutoka upande mmoja tu. Gita, kwa mfano, lilikatwakatwa vipande, pande zake mbalimbali zikaonekana kwa pamoja. Aidha, wachoraji hao walitia herufi michoroni, na kufikia 1912 walikuwa wakibandika hata vipande vya magazeti.

Ikiwa mchoraji aliazima maneno, mshairi naye angekosaje kuazima picha? Katika diwani yake ya 1913, Alcools, Apollinaire aliondoa alama zote za uakifishaji. Msomaji akaachiwa kazi ya kuunganisha vifungu mwenyewe, sawa na mtazamaji anavyoviunganisha vipande vya gita.

Diwani ya Calligrammes ya 1918 ilipiga hatua zaidi. Katika shairi kuhusu mvua, herufi zinateremka ukurasani mithili ya matone. Katika jingine, maneno yanachora njiwa juu ya chemchemi, na mshairi anawaulizia rafiki zake waliotawanywa na vita, Braque akiwa miongoni mwao.

Hapo umbo si pambo. Majina ya marafiki yanarushwa juu na kuanguka pamoja na maji ya chemchemi. Anayesomewa shairi hilo bila kuuona ukurasa atasikia majonzi, lakini hatayaona yakimwagika.

Apollinaire mwenyewe alijeruhiwa kichwani vitani mwaka wa 1916. Alifariki kutokana na homa ya mafua mnamo Novemba 9, 1918, siku mbili kabla ya mapigano kukoma.

Mjadala kuhusu kipimo cha shairi si mgeni katika Kiswahili. Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alipotoa diwani ya Kichomi mwaka wa 1974, yenye mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, wanamapokeo walihoji iwapo hayo yalikuwa mashairi kweli.

Kazi ya Apollinaire inawakumbusha wanaojadili suala hilo kwamba shairi lisilotii kanuni za sikio huenda linatii kanuni za jicho. Anayelihukumu bila kuutazama ukurasa wake amesikiliza upande mmoja tu wa kesi.