Pazia la Nyumba Huku Kwetu Isiolo

Najua wengine wenu mtacheka mkiona kichwa cha makala haya. Mwanafunzi wa kidato cha tatu na mapazia wapi na wapi? Lakini kumbukeni kuwa sisi wa shule ya kutwa hatuna bweni. Tukifika nyumbani jioni, meza ya kusomea ni ile ile ya sebuleni, na mwangaza ni ule unaoingia dirishani. Dirisha likiwa na pazia baya, hesabu zitakushinda tu hata uwe hodari namna gani.

Pazia letu lilikuwa la mahameli, zito, rangi ya damu ya mzee. Mama alilinunua zamu yake ilipofika katika chama cha akina mama wenzake wanaouza maziwa ya ngamia. Wageni walilisifu sana. Lakini kufika saa kumi na moja jioni ilibidi tuwashe taa, ilhali jua liko nje linawaka! Tokeni za stima zikawa zinaisha kabla ya wiki kwisha. Nasi tukilifungua, jua linatupiga machoni, na kila mpita njia anaona tunakula nini. Basi tulikuwa ama gizani ama hadharani.

Nikaamua kuchunguza jambo hili. La kwanza ni jua lenyewe. Isiolo iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, hata kilomita 50 hazifiki. Kwa hivyo jua letu huchomoza na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na adhuhuri hukaa juu juu ya kichwa. Dirisha linaloelekea mashariki hupigwa na jua la asubuhi, la magharibi hupigwa jioni wakati jua liko chini, na hapo ndipo joto huingia mpaka ndani kabisa. Madirisha ya kaskazini na kusini yana nafuu, kwa maana hata mwezi wa Juni au Desemba, jua linapoegemea upande mmoja, adhuhuri bado liko juu na upenu wa bati hulizuia. Dirisha letu, kwa bahati mbaya, ni la magharibi.

La pili ni rangi. Watu wengi hapa mtaani husema ati pazia zito jeusi huleta baridi. Si kweli! Tulivyofundishwa katika fizikia, kitu cheusi hufyonza mwanga na kuugeuza joto. Pazia likiwa ndani ya kioo, joto hilo limeshaingia nyumbani, halina pa kwenda. Shika mahameli ya dirisha la magharibi saa kumi jioni uone. Kitambaa cheupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga nje, na ule unaopita hutawanyika chumbani bila kuumiza macho. Lakini kinachoshinda vyote ni kivuli cha nje, kinacholizuia jua kabla halijafika kwenye kioo: mwarobaini, jamvi lililotundikwa, au upenu mrefu.

Wazee wetu walijua haya. Nyanya yangu alikulia katika nyumba ya mikeka, ile ya kufungwa na kupakiwa juu ya ngamia, na anasema joto likizidi walikuwa wanainua mkeka wa upande wa upepo, basi. Na kule Lamu, nyumba za kale za mawe hazina madirisha mengi ya kutazama njiani. Mwangaza huingia kwa uani na kutawanywa na kuta zilizopakwa chokaa nyeupe. Kwa hivyo kupata stara na nuru pamoja si jambo geni kwa Waswahili.

Nilimwomba mama bafta nyeupe tujaribu. Marekani pia ingefaa, kile kitambaa kilichopewa jina la wafanyabiashara wa Marekani waliokileta Unguja katika karne ya 19. Mama akakataa. "Mwanangu, nilichanga miezi mingapi kwa hilo pazia? Halafu leo niweke sanda dirishani?" Nikanyamaza. Jumamosi nikatundika shuka nyeupe na kumwita aone. Nilishika kitabu na kurudi nyuma kutoka dirishani: kwa mahameli herufi zilipotea hatua ya pili, kwa shuka nilisoma mpaka ukuta wa mwisho. Mama hakusema kitu. Jumatatu akaja na bafta.

Kipimo chake ni rahisi. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya dirisha ili kipate mikunjo. Dirisha letu ni mita 1.2, tukatumia mita 2.4. Urefu, ongeza sentimita 15 za pindo na za kupitishia waya. Lisiguse sakafu, maana vumbi letu mnalijua. Hiyo ni faida nyingine, bafta hufuliwa kwa ndoo moja, lakini mahameli hunywa ndoo tatu na kukauka kesho, na maji yenyewe ya kununua.

Kosa langu aligundua mama. Usiku, taa ikiwaka ndani, bafta huonyesha kila kitu nje! Alitoka uani akarudi akicheka: "Nimekuona unavyojikuna." Kwa hivyo mahameli yake hayakuenda popote. Yamebanwa kando mchana, na magharibi ikiadhiniwa anayavuta mwenyewe, kwa madaha kabisa. Mimi kufikia hapo nimeshamaliza hesabu, na taa bado haijawashwa.

Limebaki dirisha la chumba cha kulala, linaloelekea mashariki. Hapo tumetundika leso ya zamani kwa muda, na jua linatuamsha hata Jumapili.