Vidole Vilivyoshikwa na Kovu

Wasomaji wengi mmepata kumwona mtu ambaye vidole vyake vimeungana kwa kovu kama mguu wa bata, baada ya kuungua motoni. Watu husema, "Amekwisha pona, ila mkono umekufa." Mkono huo haukufa, nami nataka kueleza jinsi madaktari wanavyoufungua.

Kwanza yafaa kujua tabia ya kovu. Kovu hujivuta kama ngozi ya ngoma inayokauka juani. Likiwa kati ya kidole na kidole, huvivuta pamoja, na utando hupanda kuelekea kwenye ncha. Mtoto hukua, lakini kovu halikui sawasawa naye. Kwa hiyo mkono huzidi kupinda. Hii ndiyo sababu ya wauguzi kufunga kila kidole kwa bendeji yake tangu kidonda kikiwa kibichi.

Hapa hesabu zetu za darasani zaingia. Ikiwa kovu ni jembamba, na ngozi ya kando ni nzima, daktari hukata mfano wa herufi Z. Mstari wa kati hufuata ukingo uliokaza; mistari mingine miwili, yenye urefu uleule, hutoka katika ncha zake kwa pembe ya digrii 60. Hupatikana pembetatu mbili za ngozi, naye huzibadilishana mahali na kuzishona. Chora katika karatasi uone: pembetatu mbili zikikaa pamoja ni umbo la pande nne zilizo sawa. Ulalo mfupi ukiwa sentimita 1, ule mrefu ni sentimita 1.73. Kabla ya kupasua, ulalo mfupi ulifuata kovu. Baadaye ule mrefu ndio hulifuata. Urefu huo hauzuki bure, umekopwa katika upana, na katika ngozi ya kweli faida huwa pungufu kidogo.

Kovu likiwa pana, hakuna cha kukopa. Hukatwa mpaka vidole vifunguke, kisha hutiwa kiraka cha ngozi nzima, mara nyingi kutoka kwenye kinena. Kiraka chembamba hujivuta tena zaidi.

Ustadi huu si mgeni kwetu. Archibald McIndoe, aliyetengeneza mikono ya marubani walioungua katika vita vya 1939–1945, alikuwa na shamba kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Yeye, Michael Wood na Thomas Rees walianzisha huduma ya madaktari warukao wa Afrika ya Mashariki mwaka 1957.

Binamu yangu wa miaka 9 alipasuliwa mwaka jana. Shangazi alikataa kwanza, akidhani vidole vitakatwa. Kumbe kazi kubwa ilikuwa nyumbani: kufungwa banzi kila usiku kwa miezi 6, na kunyoosha vidole mchana, huku mtoto akilia. Shangazi alimsimamia kwa ukali kuliko muuguzi yeyote. Sasa anashika kalamu, ingawa kidole cha mwisho kimepinda bado.