Sarafu Zinazofika kwa Fundi Saa

Kazi yangu ni saa. Nina meza ya kioo pembeni ya soko, Singida mjini, yenye lenzi ya kubana jichoni, vibano vitatu na mizani ndogo niliyoinunua kwa sonara aliyefunga duka. Siku hizi saa nyingi zinataka betri tu, kazi ya dakika mbili, halafu nakaa nikitazama wapita njia. Ndiyo maana sarafu zilinikuta nina nafasi.

Ya kwanza ilikuja na bibi mmoja kutoka upande wa Iramba. Alileta saa ya marehemu mumewe, na ndani ya kitambaa alichoifungia mlikuwa na shilingi. "Mjukuu wangu, na hii chukua, dukani hawaitaki." Upande mmoja simba amesimama mbele ya milima, upande wa pili mfalme Joji wa Tano na taji lake, mwaka 1924. Nilisubiri bibi aondoke, nikaisugua kwa jivu na limau mpaka ikameta. Leo nikiitazama naona haya. Ule weusi ulijijenga kwa zaidi ya nusu karne, nami niliubandua pamoja na manyoya ya shingo ya simba. Mkusanyaji akiigusa anairudisha mezani bila kuuliza bei. Ukipata sarafu ya zamani, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ibonyeze kwa kitambaa laini ikauke, basi. Usisugue.

Tangu habari zisambae kuwa fundi saa anapenda sarafu, wanaokuja wana swali moja: "Fundi, hii ni fedha tupu?" Si tupu. Shilingi hizo zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, na kuanzia 1921 hadi 1946 fedha ndani yake ilikuwa robo tu. Sarafu nzima ina uzito wa gramu 7.8 hivi, kwa hiyo fedha yenyewe haifiki gramu mbili. Baba mmoja aliyekuja na kopo zima nilimpigia hesabu hiyo kwenye karatasi, akanitazama kana kwamba nimemwibia.

Mwaka 1948 hata robo hiyo ikaondolewa, ikaja shaba na nikeli. Kuzitambua si kazi ngumu, soma maandishi tu. Za zamani zinamwita Joji wa Sita mfalme na kaisari wa India, kwa vifupisho vya Kilatini. Za 1948 na kuendelea, India haimo, maana ilishajitawala mwaka uliotangulia. Uhuru wa watu wa mbali umeingia kwenye shilingi ya huku kwetu kwa herufi zilizofutwa.

Mimi lakini mapenzi yangu yako kwa senti za tundu. Ninayo ya senti 10 ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane, yule aliyekalia kiti kuanzia Januari hadi Desemba akakiachia ili amuoe mwanamke wa Kimarekani. Kwao Uingereza hakuna sarafu ya matumizi yenye sura yake iliyowahi kutoka. Huku kwetu jina lake lilizunguka sokoni, kwa sababu katikati palikuwa na tundu, na tundu halihitaji kichwa cha mfalme. Zilipigwa kwa mamilioni, kwa hiyo usiuze ng'ombe ununue moja. Yangu niliipata kwenye ufunguo wa kabati, imetumika kama lebo.

Kabla ya Mwingereza kulikuwa na rupia ya Mjerumani, na hapo ndipo watu wa mkoa huu wanapopoteza usingizi. Wapo wanaoamini Mjerumani alizika mali chini ya kila mbuyu, kuanzia Kilimatinde hadi Mkalama. Kufukua mabaki ya kale bila kibali ni kosa, na dhahabu nayo haiuzwi uchochoroni, ina leseni zake. Walichotuachia bila kuzika ni neno: mwaka 1904 rupia iligawanywa kuwa heller 100, na hiyo heller ndiyo hela tunayolilia kila mwisho wa mwezi.

Sarafu ninayoiota ni nyingine, na asili yake ni hapa hapa. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana Wajerumani, manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari. Sarafu kutoka Ujerumani hazifiki, na noti za karatasi watu hawaziamini. Basi dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kwetu Iramba, ikapelekwa Tabora kwenye karakana ya reli, ikapigwa rupia 15: tai upande mmoja, upande mwingine tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000, kila moja gramu 7.17, robo tatu dhahabu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Dhahabu imetoka kwetu, na mimi sijawahi kuishika.

Mwaka jana kijana mmoja mchimbaji alinifungulia kiganja. Tembo, mlima, kila kitu. Moyo ulinidunda, naapa. Nikaiweka kwenye mizani: 4.9. Nikairudia: 4.9. Chini ya lenzi ukingo wake ulikuwa na mstari mwembamba uliozunguka, mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Sarafu iliyopigwa kwa mhuri haina mstari huo, ila iliyomiminwa inao. Nikamwonyesha, akabana lenzi, akanyamaza.

"Kwa hiyo ni nini, fundi?"

"Shaba ya njano, mdogo wangu."

Akaniuliza kama nitainunua kwa bei ya shaba. Nilinunua. Nimeiweka kwenye bahasha ya kaki, nimeandika tarehe na namna ilivyofika, na inakaa kwenye kopo moja na shilingi ya bibi niliyoisugua.